Mwaka Unaorukwa Ubaoni

Watu wa Port Marian hawasamehe, wanapumzika tu. Timu yao ya besiboli, Wahunzi, ilichukua ubingwa mara ya mwisho babu zao wakiwa bado na meno, na tangu hapo kila kizazi kimeachiwa urithi wa majina ya walioiharibu. Mtoto wa darasa la pili anaweza kushindwa kukutajia mito ya jimbo lake, lakini atakuambia bila kigugumizi ni mwaka gani Wahunzi walimpa Sven Lindqvist mkataba wa miaka saba, magoti yake yote mawili yakiwa yamekwisha, na kwamba alicheza mechi arobaini na moja kisha akaenda kulima machungwa Florida huku mshahara ukimfuata.

Ndiyo maana kila Ijumaa ya Kwaresima, parokia inapokaanga samaki katika ukumbi ulio chini ya kanisa la Mtakatifu Ladislaus, meza iliyo karibu na jiko huwa na kesi. Wanaume kumi na wawili hivi, wengi wao wenye wajukuu, hukaa na bia zao na sahani za samaki na kabichi, mbele yao ubao wa shule uliookotwa mahali fulani. Miaka ya usajili mbovu huandikwa hapo kwa chaki. Kila Ijumaa watu husimama kushitaki miaka yao, wengine huwazomea, mikono huinuliwa, na miaka iliyoshindwa hufutwa. Ijumaa ya mwisho kabla ya Jumapili ya Matawi hubaki mmoja. Huo huitwa Baba wa Majanga, na aliyeushitaki hanunui bia mpaka msimu uishe. Wake zao wanasema ni ujinga mtupu, na hawajakosea, ila ni ujinga wenye kanuni.

Kanuni yenyewe aliiacha marehemu mzee Palko, mwanzilishi wa kesi, na sasa mlinzi wake ni mwanawe Gus, mwenye shingo nene na sauti ya mtu aliyefanya kazi kwenye kelele maisha yake yote. Kanuni inasema hivi: kinachoshindanishwa ni ujinga wetu wenyewe. Mchezaji akivunjika mguu, hiyo ni bahati mbaya. Akifa, tunamwombea. Akitudanganya, basi ni mwizi. Ndivyo alivyotoka Orville Tackett, mpigaji aliyewahi kukaa ubaoni miaka mitano mfululizo, mpaka ilipokuja kujulikana kwamba jicho lake la kulia lilikuwa halioni tangu utotoni na aliwaficha madaktari. Gus alimfuta kwa kitambaa chenye mafuta ya samaki.

"Tuliuziwa mbuzi kwenye gunia," alisema siku ile. "Huyu ni mwizi, na mwizi hashindanishwi. Mezani hapa hatajwi tena."

Na kweli hakutajwa tena.

Mwisho wa meza hiyo, upande wa bomba la joto, ndipo alipokuwa akikaa Verlin Stroud. Alikuwa na miaka sitini na moja, mrefu, na bega la kushoto lililoshuka kidogo kama la mtu aliyebeba ndoo. Mji mzima ulimjua kama fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Baridi ya Januari ikiuma na mtambo ukazimika, watu wa Port Marian huwa hawamwiti Mungu kwanza, humwita Verlin. Lakini hakuzaliwa hapo. Alitoka Arkansas, kwenye pamba, na aliletwa na Wahunzi mwaka elfu moja mia tisa sabini na tisa kuwa mrushaji wa mkono wa kushoto. Ili kumpata, Wahunzi walimtoa Benny Kordas kwa kubadilishana.

Benny alikuwa mtoto wa parokia. Alibatizwa ghorofa ya juu ya ukumbi huo huo, na mama yake ndiye aliyekuwa akipika kabichi. Huko alikokwenda alichukua ubingwa mara mbili. Verlin alirusha mpira katika mechi nne, na katika ile ya nne mkono ukamdondoka ubavuni mbele ya watu elfu thelathini, haukuinuka tena kupita kifua. Angeweza kurudi kwao. Badala yake akajifunza kazi ya mabomba, akamwoa Rosemary Palko, dada yake Gus, akabaki. Watoto hawakujaliwa. Miaka miwili iliyopita Rosemary alikufa kwa saratani, na tangu hapo juma la Verlin lilikuwa na siku moja tu yenye sauti za watu, nayo ni Ijumaa. Ungemwondolea ile meza, asingebakiwa na kitu mjini humo ila wateja.

Alikuwa na faraja moja, na aliificha kama mtu afichavyo peremende mfukoni. Kwa miaka thelathini na miwili ya kesi, mwaka wa sabini na tisa haukuwahi kuandikwa ubaoni. Waliandika wa Lindqvist, waliandika wa yule mdakaji aliyenenepa, waliandika hata ule wa bwana mmoja aliyebadilishwa kwa basi kuukuu la timu ya daraja la chini. Wake, kamwe. Verlin alijiambia kwamba wajuzi wa mji wamepima na kuona kuna wabovu kuliko yeye. Mtu akitaka kudanganywa, hahitaji mwongo.

Jambo jingine alilipenda. Kesi hufunguliwa kwa kusoma miaka yote kwa mpangilio, kama litania ya watakatifu: sabini na moja, sabini na nne, sabini na nane, themanini. Na kila mara, msomaji akiwa hapo katikati, kuna mtu angemsogezea bakuli. "Verlin, ongeza viazi." Kila Ijumaa, mwaka nenda mwaka rudi. Alidhani ni kwa sababu wanamwona amekonda.

Kwaresima ya mwaka huo Gus alikuja na mkwe wake mpya, Curtis, kijana wa Chicago mwenye adabu nzuri na mdomo usio na breki. Ijumaa ya kwanza walimpa heshima ya kusoma ubao. Akasoma vizuri. Sabini na moja, sabini na nne, sabini na nane. Ray Dombek, mstaafu wa kiwanda cha mabomba, tayari alikuwa ameshika bakuli la viazi. Curtis akanyamaza, akageuka.

"Samahani wazee, mbona sabini na tisa haimo?"

"Soma, mwanangu," alisema Gus.

"Nasoma, baba. Ila nimeshangaa. Kule kwetu ukitaja Wahunzi, watu wanacheka kitu kimoja tu, Benny Kordas. Kumtoa Kordas kwa yule mrushaji mgonjwa. Sasa mmeandika basi, Kordas mmemwacha?"

Hakuna aliyecheka. Gus alimpiga teke chini ya meza, na kwa kuwa meza ile ni ya mbao nyembamba, teke lilisikika mpaka jikoni. Ray alikuwa bado amenyoosha mkono na bakuli lake.

"Ongeza viazi, Verlin," alisema kwa sauti ndogo.

Verlin aliliangalia lile bakuli. Kisha akawaangalia mmoja mmoja, na kila mmoja aliangalia sahani yake. Hapo ndipo alipovielewa viazi vyote alivyokula kwa miaka thelathini na miwili.

Alimkamata Gus kwenye maegesho, akikwangua barafu kwenye kioo cha gari.

"Tangu lini?"

"Shemeji, mtoto hajui kitu. Nitamfunga mdomo."

"Nimekuuliza tangu lini, Gus."

Gus aliacha kukwangua. "Tangu mlipooana. Rosemary alinijia, akaniambia, Gus, mkitaja ule mwaka mbele ya mume wangu, mimi si dada yako. Nikawaambia wenzangu. Wakakubali, wote. Hata Ray, na Ray alisoma na Benny."

"Na mngeuandika?"

"Ungeuandika mwaka gani mwingine?" Gus alisema kwa huzuni, kama daktari. "Sisi wengine wote tunagombea nafasi ya pili, shemeji. Miaka yote. Sasa nenda nyumbani, baridi hii."

Verlin alikwenda nyumbani, na juma zima alizunguka kwenye vyumba vya chini vya watu akikaza mabomba, akiumia. Hakuumia kwa kuwa wa mwisho. Aliumia kwa kubebwa. Mwanaume anaweza kuishi akidharauliwa, wako wengi wanaoishi hivyo na wananenepa. Lakini kujua kwamba watu kumi na wawili wamekuwa wakikushushia sauti kila Ijumaa kama unavyofanyiwa mgonjwa asiyejua ugonjwa wake, hilo linakata. Na zaidi ya hasira kulikuwa na tumaini la kijinga. Kesi ikifanywa waziwazi, alifikiri, pengine mmoja atasimama kunitetea. Mmoja tu angemtosha.

Ijumaa iliyofuata alifika mapema, akachukua chaki na kuandika 1979 kwa mkono wa kushoto, kwenye usawa wa kifua, maana juu zaidi ya hapo mkono hauendi. Wenzake walipoingia, walisimama na sahani zao.

"Naushitaki huu," alisema Verlin.

"Shemeji, kaa chini," alisema Gus.

"Sikai. Ubao ni wa kila mtu, au baba yako aliacha kanuni nyingine siijui? Nashitaki. Wahunzi walimtoa Benny Kordas, miaka ishirini na minne, mtoto wa hapa. Wakapewa mrushaji kutoka Arkansas. Mechi nne. Sijui kama kuna haja ya kuendelea. Mwenye pingamizi aseme."

Akakaa, akashika glasi yake, akasubiri sauti moja.

Ray Dombek akakohoa. "Kwa kuwa umeuleta mwenyewe," alisema, "mimi niseme tu, zilikuwa raundi kumi na moja. Mechi nne, raundi kumi na moja, na tulifungwa pointi kumi na tisa."

"Ishirini," alisema mwingine. "Ile ya Jumapili umeisahau."

"Ishirini, kweli."

Na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia. Lilikuwa bwawa la miaka thelathini na miwili lililopasua kingo. Mmoja alikumbuka alikuwa zamu ya asubuhi habari ilipotangazwa redioni, na mtambo ukazimwa kwa dakika tano bila ruhusa ya msimamizi. Mwingine alikumbuka mama yake Benny alivyopika kabichi Ijumaa ile bila kusema neno, ikawa na chumvi isiyolika, na watu wakaila yote. Walikatizana, walipiga meza, walicheka. Walikuwa na furaha. Hilo ndilo lililomchoma Verlin kuliko idadi ya pointi, kuona rafiki zake wamekuwa vijana tena ghafla, kwa sababu hatimaye wamefunguliwa kumsema.

"Jamani, ngojeni," alisema Gus, na mikono yake mikubwa ikawatuliza. "Tuwe waungwana. Kosa si la Verlin. Bega lilimkatikia hapa hapa, mbele yetu. Mungu akikunyang'anya bega utafanya nini? Wa kulaumiwa ni yule kichwa maji Teague."

Wote wakaitikia kama kanisani. Dwight Teague alikuwa mkuu wa usajili wakati ule, yeye ndiye aliyetia saini. Alifukuzwa kabla ya mwezi kuisha.

"Hakuangalia hata bega la mtu," alisema Ray. "Mtu unanunua gari unapiga tairi teke, yeye hata kuuliza hakuuliza. Mimi nilivunja kioo cha sebule yake, nakiri leo. Kwa tofali. Mkewe alikuwa anapiga kelele ndani."

"Alifia wapi yule?"

"Indiana. Alikuwa anauza matairi."

"Saizi yake hasa."

Wakacheka tena, na Curtis, ambaye hakumjua Teague wala tofali, akacheka nao ili asionekane mgeni.

Verlin hakucheka. Kwa mawazo alikuwa ameketi tena ofisini kwa Teague, na ilikuwa asubuhi ya mwezi Mei, mwaka ule ule. Teague alikuwa mtu mfupi mwenye tai iliyomwagikiwa kahawa. Alifunga mlango mwenyewe, akavuta kiti karibu. Akamwambia, bega lako vipi, kijana, niambie kweli, maana namtoa mtoto wa watu. Verlin alikuwa na miaka ishirini na sita, na miezi miwili alikuwa hawezi kuchana nywele kwa mkono ule. Alijua akisema kweli atarudi kwenye pamba ya baba yake. Daktari wa timu alipomkunja mkono alikuwa ameshakunywa vidonge vinne. Zima kabisa, bwana, alijibu. Teague akampa mkono, tena wa kushoto, kwa kuuheshimu mkono wa kurushia, akambana kiganja.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa Verlin kilichotangulia ni tofali la Ray.

"Aliniuliza," alisema.

"Nani?"

"Teague. Aliniuliza kuhusu bega. Lilikuwa limechanika tangu Machi, nikamwambia zima."

Mtu mmoja alicheka kidogo akidhani ni mzaha, kisha akaacha. Gus aligeuza shingo yake polepole.

"Sema tena."

"Nilijua, Gus. Nilikuja hapa nikijua. Sikukatika mbele yenu, nilikuja nimekatika."

"Na Rosemary?"

Kati ya maswali yote hilo ndilo Verlin hakuwa amelitarajia. "Nilimwambia kabla ya harusi," alisema. "Sikutaka anichukue bila kujua."

Gus aliitazama bia yake mpaka povu likaisha. Uso wake haukuwa na hasira bado. Alikuwa anahesabu kitu, na hesabu ilikuwa inakataa.

"Basi Rosemary hakuja kwangu kwa sababu ulikuwa unaumia," alisema. "Alikuja ili nisichimbe."

"Alikuja kwa sababu alinipenda."

"Mimi ni kaka yake. Amekufa mkono wake ukiwa mkononi mwangu, na hakuniambia." Gus alisimama. "Miaka thelathini na miwili nimekuhurumia, Verlin. Nimewanyamazisha watu wazima kwa ajili yako. Nimemtukana marehemu Teague kwenye meza hii kila nilipopata nafasi, ukiwa umekaa hapo unakula viazi."

"Sikukuomba unihurumie."

"Hukunikataza."

Verlin aliisukuma sahani yake kando.

Gus alichukua kitambaa kilichokuwa kando ya sinia la samaki. Curtis alipoona anaelekea ubaoni alishituka.

"Baba, usifute. Si ndio mbaya kuliko yote? Hata yeye mwenyewe amesema."

"Usajili mbovu ni wa mjinga," alisema Gus bila kugeuka. "Teague hakuwa mjinga. Aliuliza, akajibiwa. Kanuni ni kanuni."

Akaufuta mwaka wa sabini na tisa, akafuta mara ya pili pale chaki ilipobaki. Mafuta yaliacha duara jeusi linalong'aa kwenye usawa wa kifua cha Verlin. Ray Dombek alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe, ile iliyorusha tofali. Kisha akafuta kinywa, akasema, "Haya, tuendelee. Lindqvist. Nani anamshitaki Lindqvist?" na mtu mmoja akainuka kumshitaki Lindqvist.

Juma lililofuata mitambo miwili ilizimika mtaa wa Verlin, na wenye nyumba walimwita kama kawaida, wakamlipa kama kawaida. Mji ule hauchanganyi mambo, nyumba lazima ipate joto. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyerusha kitu dirishani kwake, ingawa usiku mmoja au miwili alijikuta akisikiliza.

Ijumaa alikwenda. Alijadiliana na nafsi yake mchana kutwa kama aende, na mwisho alikwenda kwa sababu hakuwa na mahali pengine. Kiti chake kilikuwapo, upande wa bomba la joto. Mama wa jikoni alimpa samaki vipande viwili na kabichi. Gus alikuwa kwenye kiti chake, na alipomwona alitikisa kichwa kumsalimu.

"Stroud," alisema.

Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa akimwita shemeji.

Verlin alikaa. Mtu wa kushoto alisogeza kiwiko kumpa nafasi, kwa adabu, zaidi ya nafasi iliyohitajika. Curtis akasimama mbele ya ubao, akakohoa, akaanza kusoma miaka kwa sauti yake nzuri. Sabini na moja. Sabini na nne. Sabini na nane. Hapo akasita, kidogo tu, lakini Verlin alikuwa amekwisha kuinua kichwa.

Bakuli la viazi lilikuwa mbele ya Ray, limejaa, bado linatoa mvuke. Verlin aliliangalia. Ray alikuwa anausikiliza ubao.

"Themanini," alisoma Curtis, na bakuli likabaki pale pale.